Saa ya Gazi Iliyomuita Papa Bahati Mwizi

Masisi, Jumatatu asubuhi, baada ya sala

Dada Felisita, Mama Mukunga wetu,

Jambo sana. Habari ya mwili? Ule mugongo uliokuwa unakusumbua kila tukifika Pinga, umepona? Naandika swali hili halafu najicheka peke yangu, juu najua kule uliko hakuna mugongo unaouma. Lakini nimezoea kukuuliza, na mazoea hayazikwi siku moja na mwenyewe. Sisi huku tuko. Mvua inanyesha vizuri, maharagi yamepanda miti yake, na mbuzi wako alizaa mapacha bila kumungojea mukunga yeyote.

Usicheke mwandiko wangu. Ulikuwa unasema herufi zangu zinatembea kama kuku waliokunywa pombe ya kasiksi. Zingali zinatembea vile.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza mambo yaishe. Ni hivi: walitaka kumufukuza Papa Bahati. Shofere wetu, Dada, yule aliyekubeba kutoka Masisi mpaka kaburini kwako Kingi ndani ya nyumba yetu ya mipira, ile motokari yenye kitanda na jiko, akiendesha polepole hata wazee wenye fimbo wakatupita njiani. Walimuita mwizi wa gazi, kanisani, mbele ya watu. Nikajiambia: Marita, huyu muntu hatafukuzwa wewe ukiwa umekaa unachambua majani ya sombe. Sasa nisikilize toka mwanzo.

Ulipotutoka, wakubwa walisema mukunga mwingine atatumwa. Tukangoja. Lakini matumbo ya wamama hayangoji. Kwa hiyo mimi na Papa Bahati tukaendelea na safari kama zamani: Masisi, Nyabiondo, mpaka Pinga. Yeye anaendesha, mimi nachemusha vyombo juu ya jiko la gazi, nachunga dawa ndani ya frigo, na wakati mutoto anapokuja, naweka mikono yangu vile nilivyoona mikono yako ikiwekwa. Ninaogopa kila mara. Naomba, halafu nafanya. Mama mmoja wa Lushebere amemupa binti yake jina lako. Analia kwa nguvu huyo mutoto, kweli ni Felisita.

Basi, unakumbuka ile saa ya gazi, ile yenye mushale, iliyofungwa kwenye tangi chini ya tumbo la motokari, upande wa mbele? Wazungu walipotuachia motokari wakati wa uhuru, ule wa endepandansi, walituonyesha: mushale ukiwa juu, gazi ipo, ukilala, tafuta nyingine. Siku zako haikutusumbua hata mara moja. Lakini safari ya kwanza baada ya matanga yako kuanza, tuliondoka Masisi mushale ukiwa juu, karibu na kujaa. Tukafika Pinga, nikainama kuangalia: mushale umelala. Kama muntu mugonjwa! Na mimi nilikuwa nimechemusha maji kidogo tu njiani. Nikaogopa, nikazima jiko, nikawaomba wamama wa Pinga kuni.

Tuliporudi Masisi, Papa Elia alikuja kuangalia mwenyewe. Unamujua, yule muzee wa kanisa anayekohoa kwanza ndiyo aseme amina. Nilikuwa nimeisha kumwambia gazi imeisha. Akainama, akaangalia, akasimama. Mushale ulikuwa juu.

“Mama Marita,” akaniuliza, “gazi imeisha wapi?”

Nikainama nami, nikaona kweli uko juu. Safari ya pili ikawa vile vile: Masisi juu, Pinga chini, Masisi juu tena. Papa Elia akakohoa, akasema: “Gazi haina miguu. Ikishuka Pinga, iko muntu ameitoa. Ikipanda Masisi, iko muntu ameogopa, ameirudisha.”

Dada, mambo yanaharibika upesi. Mama Sara wa kwaya alisema ni wewe mwenyewe, eti roho yako haijakubali kupumuzika, inawasha jiko kuchemusha vyombo vyako. Nikamwambia: “Mama Sara, Felisita alikuwa akitaka kitu, anaomba. Na akikopa, anarudisha na asante.” Lakini wengine hawakumutaka mufu, walitaka muzima. Na muzima aliyekuwa na ufunguo ni Bahati.

Siku ya mukutano wa kanisa, muntu mmoja nyuma kule, sitamutaja jina juu nimeisha kumusamehe, alisema: “Hawa watu wa maziwa wanajua kukamua. Huyu ameacha ng’ombe, sasa anakamua tangi.”

Watu wakacheka. Kanisa lote, Dada. Hata wale ambao wake zao Bahati aliwaleta kwako wakati wa mvua, motokari ikiteleza kama sabuni. Wewe unajua vile sisi wa maharagi tunavyotaniana na watu wa ng’ombe, na wao wanatuita wala-majani, na tunacheka wote. Siku ile haikuwa utani. Papa Bahati alisimama. Alitoa ufunguo mufukoni, akauweka juu ya meza polepole, akavaa kofia, akaenda kwake Lushebere kwa miguu. Papa Elia akasema Jumapili itakayofuata mukutano utakata neno: shofere aondolewe, na motokari isimame mpaka atapatikana mwingine.

Isimame! Nani atakwenda Pinga?

Kesho yake nilipanda Lushebere. Nilimukuta anakata majani ya ndama. Hakuniangalia. Nikamwambia: “Papa Bahati, mimi sijui mashini. Nifundishe namna ya kujua kama tangi inavuja ao saa inadanganya.” Akaendelea kukata. Nikakaa juu ya jiwe. Mke wake akaniletea maziwa, nikakunywa, nikakaa tena. Mwishowe akachoka na mimi.

“Uko na kichwa kigumu kama marehemu,” akasema. Hiyo ilinipa nguvu kuliko maziwa.

Akanieleza, mundu mukononi, bila kuacha kazi. Kwanza sabuni: piga povu zito, pakaa pahali pote mabomba yanaungana, ukiona povu linapumua, gazi inatoka pale. Pili kioo cha saa: kinashikwa na visi viwili vidogo vya kuzungusha, kifungue bila woga, kwa sababu mushale haugusi gazi, ndani ya tangi kuna kitu kinachoelea, na sumaku njo inavuta mushale toka ndani. Tatu maji ya moto: yamwage juu ya ubavu wa tangi, halafu pitisha mukono toka juu kushuka chini. Pahali chuma kimebaki na joto, hakuna kitu nyuma yake. Pahali kimepoa mara moja, gazi iko pale, kwa kuwa ndani ya tangi gazi ni kama maji. “Mukono hausemi uwongo,” akasema. “Shofere yeyote atakuambia vile vile. Lakini mimi sirudi kule kuonyesha. Wakisikia nimeigusa, watasema nimefanya ujanja.”

Basi nikarudi Masisi, nikavaa ile kabuti yako ya kazi (uliniachia mwenyewe ulipokuwa muzima, usinune), nikaingia chini ya motokari.

Sabuni kwanza. Nilipakaa kila pahali, hata pahali pasipo na bomba. Hakuna povu lililopumua. Nikasema asante Bwana, haivuji. Halafu nikafungua kioo. Dada, matope! Matope ya njia yote ya Pinga yalikuwa yameingia mule, yamekauka pembeni ya mushale. Nikaruka kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye chuma. Nikasafisha na kipande cha nguo, nikafunga tena, nikawaita watu: “Njooni muone, nimepata ugonjwa wa saa!” Mama Sara akaja, na zamu, mulinzi wa kanisa, akaja. Mushale ukatingishika kidogo, halafu ukarudi pale pale ulipokuwa. Juu. Zamu akaniuliza: “Sasa umetibu nini?” Niliona aibu kama muntu aliyemwita daktari kwa mafua.

Nilipiga magoti pale pale kwenye majani, nikaomba. Sikuomba muujiza. Niliomba nisichoke kabla ya maji kuchemuka.

Nikachemusha sufuria kubwa. Nikamwaga upande wa mbele wa tangi, karibu na saa, nikapitisha mukono: moto, kidogo tu, halafu baridi, baridi mpaka chini. Nikasema, basi mushale unasema kweli, tangi imejaa. Nikafurahi. Lakini maji yalibaki kwenye sufuria, na mimi sipendi kumwaga maji ya moto bure, wewe ulinifundisha hivyo. Nikayamwaga upande wa nyuma. Nikapitisha mukono: moto, moto, moto, na baridi kidogo sana pale chini kabisa.

Nikarudia mbele. Nikarudia nyuma. Tangi moja, lakini huku imejaa na huku ni tupu.

Nilikaa nikiangalia, maji yananidondokea shingoni. Halafu nikaona, si kwa akili, kwa macho tu: nyasi chini yangu zilikuwa zinateremuka. Motokari yote ilikuwa inateremuka. Papa Bahati anaisimamisha pua chini hapa Masisi, kwa sababu betri imechoka, na asubuhi haiamki mpaka aiachilie ishuke kilima. Kwa hiyo gazi yote imekimbilia mbele, pahali saa iko, na saa inasema: nimejaa. Kule Pinga, kiwanja cha kanisa kinapanda, na anaiacha pua juu ili mulango wa wamama utazame kanisa, si soko. Gazi inakimbilia nyuma, na saa inasema: nimekwisha. Saa ni nzima, Dada. Haijui tu kwamba imesimama kwenye kilima. Ni kama supu kwenye sahani yangu tukipanda Nyabiondo: upande mmoja inanimwagikia magotini, upande mwingine naona maua ya sahani.

Na wakati wako kwa nini haikufanya hivyo?

Hapo nililia. Kwa sababu wakati wako nyumba ya mipira haikusimama kwenye kilima hata siku moja. Tukifika pahali, hata usiku wa mvua, wewe ulikuwa unashuka na yale mawe yako bapa ya volkano uliyoyaleta toka Goma, unayaweka chini ya mipira, unajaza maji kwenye beseni, unaiweka mezani, unasema: “Bahati, mbele kidogo. Rudi. Mbele tena. Mama hawezi kuzaa kichwa kikiwa chini ya miguu, na frigo haifanyi kazi ikiegemea.” Mpaka maji yakae sawasawa kwenye ukingo wa beseni. Papa Bahati alikuwa anakutania: “Mama Mukunga anataka kuilaza Masisi yote.” Na wewe: “Nikipata mawe ya kutosha, nitailaza.”

Ulipokufa, mawe yako na beseni vilipelekwa nyumbani kwenu Kingi pamoja na jembe lako na kitanda chako, vikafunikwa kitambaa, kama desturi. Hakuna anayegusa vitu vya marehemu mpaka matanga yaondolewe, na familia ilisema yataondolewa baada ya mavuno. Sisi tukaheshimu. Mimi nilikuwa nawalaza wamama kitandani na mito miwili chini ya vichwa, nikidhani nawafanyia vema. Heshima yetu njo iliyomufanya Bahati kuwa mwizi.

Nikaenda Kingi. Nilipita kwanza kaburini kwako, nikang’oa majani. Halafu nikaingia kwa mama yako, nikamuamkia, nikakaa. Sikujua namna ya kuanza. Muntu gani anakuja kuomba vitu vya marehemu kabla ya wakati? Nikamueleza yote: Bahati, mushale, maji ya moto, Jumapili. Mama aliendelea kupepeta maharagi. Nikafikiri hakusikia. Halafu akasema: “Mawe hayalii matanga. Mutoto wangu hakuyabeba toka Goma yaje kulala ndani ya nyumba yangu. Chukua.” Nikamushukuru. Nilipoinama kuchukua na beseni, akaniwahi: “Beseni acha. Ninanawia ndani yake.” Dada, alikuwa anainawia siku zote hizo, chini ya kitambaa cha matanga! Tukacheka, yeye na mimi, tukacheka mpaka tukalia tena.

Mjomba wako alinisaidia kuyabeba mawe. Yana uzito wa dhambi.

Jumapili, baada ya ibada, watu wote walibaki. Papa Bahati alikuja, akasimama mbali, mikono mufukoni. Nilisimama mbele ya wazee, nikasema: “Kabla hamujakata neno, tokeni nje mwangalie.” Papa Elia akasema sawa, lakini shofere asiguse kitu. Nikasema: “Hatagusa.” Nikawaomba waimbaji wanaume wafunge kamba nyuma ya motokari na kuishika, nikaweka mawe mbele ya mipira ya mbele, nikapanda, nikaachilia breki ya mukono kama nilivyokuona ukimuelekeza Bahati. Motokari ikashuka, ikapanda juu ya mawe, ikasimama. Badala ya beseni, nilikuwa nimeweka sahani ya maji mezani. Nikapiga kelele: “Bado! Mbele kidogo! Vuteni! Basi, shikeni hapo!” Sauti iliyotoka kinywani mwangu, Dada, watu waligeuka. Hata mimi niligeuka.

Nikamwambia Papa Elia ainame. Alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya ibada. Mushale ulikuwa umeshuka chini ya nusu. Nikawaambia waivute nyuma, waongeze mawe mengine, waiachilie tena, pua iinuke kama Pinga. Mushale ukalala. Wakaivuta tena, tukaondoa mawe yote, pua ikarudi chini. Mushale ukapanda juu.

Halafu Mama Sara, yule yule wa roho, akasema kwa sauti ya kwaya: “Papa Elia, ameirudisha gazi! Na mikono yake iko mufukoni!”

Watu wakacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa na njia nyingine. Papa Elia alikohoa muda murefu. Akasimama, matope magotini, akasema: “Basi tangi ilikuwa inasujudu tu, na mimi nikaiita wizi.” Akamuendea Papa Bahati, akamupa mukono. Bahati akaupokea. Papa Elia akamupa ufunguo.

Ufunguo hakuupokea.

Nilidhani tumemaliza, kumbe tulikuwa tumetengeneza saa tu. Nilimufuata njiani. Akaniambia: “Marita, si neno la Elia lililonichoma. Elia ni muzee, aliona mushale. Ni kile kicheko. Watoto wangu walikuwa wamekaa pale, wakawaona watu wanacheka baba yao.” Ilikuwa kweli. Nikamwambia tu: “Nitarudi kesho.” Nikarudi kesho, akanikatalia. Nikarudi tena. Mke wake akaanza kuniwekea kiti kabla sijafika.

Halafu nikaenda kwa Papa Elia. Nilimwambia bila kuzunguka: “Papa, ulimuita mwizi mbele ya watu. Mukono uliomupa kiwanjani haukufika kwake. Lushebere si mbali.” Alininunia. Akasema miguu inamuuma. Nikasema: “Nitatembea polepole pamoja nawe.”

Tukatembea. Alipumuzika kila kona, akilaumu kilima, akinilaumu mimi, akiilaumu Ubelgiji kwa kutengeneza saa za namna hiyo. Tulipofika, Papa Bahati alisimama mulangoni, watoto wake nyuma yake. Papa Elia akavua kofia. Hakukohoa, Dada! Akasema mbele ya watoto wale: “Baba yenu si mwizi. Mimi njo nilikosa, nikaacha watu wacheke. Nimekuja kusema hapa, mahali munapolala.”

Mke wa Bahati akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa ya kuganda. Unajua maana yake kwao: ukikataa, umekataa watu wa nyumba. Na unajua pia vile Papa Elia anavyochukia maziwa ya kuganda, tangu utoto wake, kila muntu Masisi anajua. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Akafunga macho. Akakunywa, akakunywa mpaka masharubu yakawa meupe, na mutoto mudogo wa Bahati akaanza kucheka, na Bahati akamuangalia mutoto, akacheka naye. Halafu akanyoosha mukono, akasema: “Lete ufunguo.”

Akaniambia mimi: “Lakini sharti moja. Nitaendesha. Wewe njo utasema nisimame wapi na namna gani. Sitaki tena motokari isiyo na mwenye kuamuru.”

Nilitaka kukataa. Mimi ni muntu wa sufuria na taa. Nikakubali.

Sasa tunajua gazi yetu ni kidogo kweli, chini ya nusu, kwa hiyo tumeitafutia nyingine kabla ya safari. Kesho tunaondoka. Kuna mama Pinga, wa mimba ya kwanza, anaogopa sana. Alituma neno kwamba anataka Felisita. Nitamwambia Felisita amelala, lakini mimi nimekuja, na nitamushika mukono.

Naahidi hivi, Dada: mpaka wakubwa watume mukunga, na hata wakichelewa miaka, nyumba hii haitasimama Masisi bila kazi. Nitaomba wanifundishe pale hospitali mambo nisiyoyajua, nitakaa darasani na wasichana wadogo, wacheke mwandiko wangu wakitaka. Na mama yako sitamuacha peke yake.

Pumuzika, mukunga wetu. Ukimuona Bwana, mutajie huyu mama wa Pinga kwa jina lake, anaitwa Rebeka. Na unijibu upesi, kwa njia yoyote Mungu atakayokuruhusu, kama mikono yangu inafanya vema.

Mudogo wako,
Marita